Filamu ya Miguu ya Ng'ombe

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya mdomo ukiwa umejaa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Mtu mwenye akili hula akanyamaza. Lakini mimi nafundisha kemia katika shule moja karibu na Kwa Vonza, na mwalimu wa kemia akipata watu watatu waliokaa kimya mbele yake hawezi kujizuia, hata kama watu hao ni baba yake, mama yake na dada yake, na wamekaa kimya kwa sababu wanatafuna.

Tulikuwa Tawa, nyumbani kwa wazazi, Jumapili mchana baada ya kanisa. Kilichotukusanya ni macho ya baba. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole, bila maumivu, mpaka jicho la kushoto likafa kabisa na la kulia likabaki na kitundu kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kwa kitundu hicho baba alikuwa bado anaendesha studio yake ya picha pale sokoni. Nasema "anaendesha" kwa adabu. Wateja walikwisha siku simu zilipoanza kupiga picha, na waliobaki walikuwa wazee wenzake wawili watatu waliokuja kukaa kivulini na kuilaumu serikali.

Kila asubuhi mama alimtembeza kutoka nyumbani hadi studio, akimwepusha na pikipiki, mbuzi na mitaro. Kisha alikaa kwenye kiti cha wateja hadi jioni akisuka kiondo, maana hakuthubutu kumwacha. Siku moja alimwacha dakika tano akanunue nyanya, na aliporudi alimkuta baba amekaa ndani ya mtaro, miguu imenyooka, akisema alikuwa anapumzika.

Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi kule Malili, kando ya barabara kuu. Alikuwa amewajengea wazazi vyumba viwili visivyo na ngazi hata moja na alitaka wahame mwezi ule ule. Mimi nilimuunga mkono. Mama hakusema ndiyo wala hapana, alikuwa akiguna tu kila jambo hilo likitajwa.

Baba alikuwa na jibu moja kwa wote: "Filamu ikiisha, nitafunga." Kamera za kisasa alizikataa tangu mwanzo. Alisema picha unayoweza kuifuta ukiichukia ni umbea. Sasa filamu ilikuwa imeisha. Roli la mwisho lilikaa miaka kadhaa kwenye friji, kati ya maziwa na dawa za ng'ombe, na wiki ile alilimaliza kwenye harambee ya kanisa. Picha nne za roli hilo zilikuwa za nguzo ya stima, ambayo alidhani ni mchungaji. Tangu nimjue mchungaji yule, sijawahi kumwona ametulia hivyo.

Basi baba alikaa pale mezani ameinamisha kichwa, na mimi kwa huruma yangu ya kijinga nikataka kumliwaza.

"Baba, hata usisikitike," nikasema. "Filamu yenyewe ni takataka za kichinjio."

Alinyanyua kichwa. "Ati nini?"

Ndipo nikafungua mdomo. Nilimweleza kwamba kiwandani wanachukua pamba au mbao, wanailoweka kwa tindikali mpaka inakuwa uji mzito, halafu uji huo unamwagwa juu ya gurudumu la chuma lililong'arishwa na kubanduliwa ukikauka, mwembamba, unapitisha mwanga. Hiyo ndiyo plastiki yenyewe, na bado haioni kitu. Macho yake yanatoka kwa ng'ombe. Mifupa na ngozi zinachemshwa mpaka zitoe jelatini, ule utelezi unaoganda kwenye supu ikilala. Madini ya fedha yanayeyushwa kwa tindikali, yanachanganywa na chumvi ndani ya jelatini hiyo, na papo hapo inakuwa nyeupe na kuanza kuogopa mwanga. Kuanzia hapo kazi yote inafanywa gizani. Watu wazima wenye mishahara wanapaka dawa hiyo juu ya plastiki, wanaikausha, wanaikata vipande, wanaitoboa pembeni na kuiviringisha ndani ya mkebe, na hakuna anayeona hata mkono wake. Tena niliongeza kwamba zamani filamu fulani zilikuwa kali kunasa mwanga kuliko nyingine na wenye viwanda hawakujua kwa nini, mpaka wakagundua ni kwa sababu ng'ombe wengine walikula haradali malishoni na wengine hawakula.

Baba alisogeza sahani yake kando. "Kwa hivyo miaka arobaini nimekuwa nikiuza supu," akasema.

Akatoa simu, akampigia mzee aliyemfundisha kazi, fundi wa zamani wa Kitui mjini ambaye ukoo wake ulitoka pwani enzi za wafanyabiashara wa misafara. Akaweka sauti wazi sote tusikie.

"Mwalimu, ulijua filamu ni mifupa ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe?" mzee akauliza. "Ng'ombe pekee?"

Baba akanigeuzia simu. Nami, kwa kuwa sijui kusema uongo wa haraka, nikakiri kwamba wakati mwingine hutumika ngozi ya nguruwe. Wapiga picha wa zamani wote walikuwa na desturi moja: gizani, ili kuujua upande wenye dawa, waligusisha filamu kwenye mdomo. Upande wa dawa hunata.

"Miaka hamsini naibusu," mzee akasema, na tukamsikia anacheka mpaka akakohoa. "Alhamdulillahi, sikumeza."

Baba alipokata simu hakuwa mtu yule yule. Alianza kuhesabu kwa vidole. "Ng'ombe wako. Chumvi iko. Hiyo fedha, si iko kwa maabara yenu? Na giza," akasema akigusa jicho lake la kushoto, "giza niko nayo mwenyewe. Tunakosa nini?"

Dada yangu alinitazama kwa macho ambayo hayahitaji kutafsiriwa. Lakini yeye ni mfanyabiashara, na akaona nafasi. Akamwambia baba: sawa, tengeneza filamu yako. Ukipata picha moja ya mama, picha ambayo mtu yeyote akiiona atasema huyu ni mama, hakuna atakayekugusa tena, utakaa Tawa na studio yako mpaka uchoke. Usipopata, unampa mama ufunguo wa studio na mnakuja Malili. Baba alikubali kabla dada hajamaliza kusema. Mama akaguna.

Nitasema wazi: nilikuwa upande wa dada yangu. Nilijua haiwezekani. Hata hivyo niliazima naitreti ya fedha kutoka maabara, na "kuazima" ni neno tunalotumia watumishi wa umma. Kitu hicho kikigusa ngozi kinaiacha nyeusi kwa wiki nzima. Mwalimu mkuu alipoona vidole vyangu aliniuliza nimepiga kura mara ngapi.

Plastiki ya kumwaga kwenye gurudumu hatukuwa nayo, kwa hivyo tulirudi nyuma kwa mababu, waliopaka dawa juu ya kioo. Vioo tulivitoa kwenye dirisha lililovunjika la studio, fundi mmoja wa sokoni akatukatia vipande sita vya kwanza. Baba alikuwa na kamera ya sanduku, ya mbao, aliyopewa na yule mzee wa Kitui, ambayo haina kitufe. Unaondoa kifuniko cha lenzi, unahesabu, unarudisha.

Mkupuo wa kwanza niliupika mimi mwenyewe, kwa vipimo, kwa mizani, kwa kiburi. Vioo vyote sita vilitoka vyeusi ti, hata vile ambavyo havikuona jua. Baba alivipapasa kimoja kimoja na kuniuliza kama hivi ndivyo ninavyofundisha watoto wa watu.

Jumamosi iliyofuata mama aliniondoa jikoni. Alisema naunguza sufuria. Alichemsha miguu miwili ya ng'ombe tangu alfajiri, akaengua mafuta, akachuja kwa kitambaa, na supu ilipopoa ikaganda safi kabisa, inatikisika. Nilifurahi mpaka nilipoona ganda la kitunguu kwenye kitambaa.

"Mama, umeweka kitunguu?"

"Moja tu."

"Na chumvi?"

"Ya kutosha supu."

"Si nilisema usiweke kitu chochote?"

"Sasa ulitaka nipike miguu kama ya mbwa?" akasema. "Hata kama ni ya picha, iko kwa jikoni yangu."

Hakuna mwanamke wa Tawa ambaye angechemsha miguu ya ng'ombe bila chumvi, hata ukimwapisha kanisani. Mwenye bucha hangechinja tena mpaka Jumatano, nami Jumatatu nilikuwa na darasa. Nikatia naitreti yangu kwenye supu ya mama kwa hasira, nikisubiri iharibike. Haikuharibika. Ilikuwa mkupuo bora kuliko wangu kwa mbali, na nilipokwenda kusoma vizuri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni, nilikuta kwamba chumvi lazima izidi fedha, isipozidi kila kitu kinaungua. Mimi nilikuwa nimeibania chumvi. Kuhusu kitunguu, sina uhakika, ila salfa iliyokuwa kwenye haradali ya wale ng'ombe imo pia ndani ya kitunguu. Nyumbani niliwaambia kwamba nimerekebisha vipimo.

Kupaka vioo ndiko kulikonibadilisha. Dawa yetu ilikuwa dhaifu, tungeweza kutumia taa nyekundu, lakini baba alikataa. Alisema kama kiwandani wanafanya gizani, nasi tutafanya gizani. Akafunga mlango wa dakrumu, kile chumba cha giza cha studio, akaziba ufa wa chini kwa gunia. Nilisimama pale nikiwa na shahada yangu nisijue sufuria iko wapi. Nilijigonga goti kwenye meza. Nilimwaga maji. Yeye alisogea bila kugusa kitu asichotaka kukigusa. Nilisikia tu kioo kikichukuliwa, dawa ikimiminwa, kioo kikiinamishwa pembe hii na pembe ile, na sauti yake ikiniambia: "Simama hapo hapo. Usinisaidie."

Nje ya mlango ule alikuwa mzee anayeshikwa mkono kama mtoto. Ndani, mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Nilimpenda sana wakati ule, na nikaanza kutaka ashinde. Sikumwambia dada yangu.

Vioo sita vilipakwa, vikapangwa kabatini vikauke. Asubuhi tulikuta vinne vimeliwa. Sisimizi walikuwa wameingia kwa mstari kupitia bawaba, na kwa kuwa kilichopakwa pale kilikuwa supu, yenye chumvi na kitunguu, walikula kwa utaratibu kuanzia pembeni hadi katikati. Sidhani kuna kiwanda kingine duniani kilichowahi kupata hasara ya namna hiyo. Baba alicheka. Mimi nilitukana wadudu wale kwa Kikamba, na mama akanikumbusha kwamba ni Jumapili.

Vilibaki viwili. Kimoja tulikijaribia kwenye mlango wa posho mili ya jirani, pale wanaposaga mahindi, tukahesabu sitini, tukakisafisha kwa dawa ya kusafishia picha iliyokuwa kwenye kopo kuukuu la studio. Mlango ukatoka. Misumari yake ikatoka. Hata neno "UNGA" lililoandikwa kwa rangi lilisomeka. Nilimkumbatia baba, naye akanisukuma kwa sababu nilikuwa na dawa mikononi. Nilimwona mama amesimama kando, ameshika kile kioo, anatazama misumari ile. Nilidhani anastaajabu.

Kwa hivyo kilibaki kioo kimoja, na jua la saa tano, na dada yangu aliyepanda kutoka Malili ili awe shahidi. Mama alikaa kwenye stuli mbele ya ukuta mweupe wa studio, amevaa nguo yake ya kanisa na kilemba. Baba aliingiza kioo kwenye kamera, akapapasa mpaka akapata kifuniko. Akamwambia mama kazi ni nyepesi, asitikisike mpaka afike sitini. Mama akasema amesikia.

Akaondoa kifuniko, akaanza kuhesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayepanda mlima pole pole.

Hakuwa hata amefika kumi. Mama alianza kuzungumza. Alisema nyanya zimepanda bei. Alisema yule binti wa jirani amerudi kutoka Kitui na mtoto. Aligeuka kushoto akamsalimu mama mmoja anayepita na karai la mahindi, akamuuliza hali ya mguu wake, akageuka kulia akamuuliza dada yangu kama alifunga duka vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nikipunga mikono, nikijiwekea kidole mdomoni, nikimwomba kwa macho. Alinitazama moja kwa moja, akaendelea. Alieleza jinsi sabuni za siku hizi hazitoi povu. Katika maisha yangu sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa dakika moja.

Na baba akahesabu. Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Akarudisha kifuniko.

Nilikuwa na hasira nusura nilie. Tulikisafisha kioo gizani. Tulipotoka nacho, kimelowa, baba alikiinua juani, akakileta karibu na jicho lake la kulia na kuanza kukisogeza mbele ya kile kitundu kidogo kilichobaki, kipande kwa kipande. Ilimchukua muda. Aliona ukuta. Akaona miguu ya stuli, akaisifu. Akaona viatu vya mama, mpaka kishikizo. Akaona mikono yake miwili magotini, imetulia, na pete. Akapanda juu zaidi, akakaa hapo, akisogeza kioo huku na huku.

"Kichwa hakuna," akasema. "Kuna moshi."

Dada yangu, ambaye alikuwa ameshinda, alikuwa anatazama chini. Nikamgeukia mama, nikamwambia kitu ambacho mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Nilimuuliza kama hata kwa dakika moja, moja tu, katika maisha yake, hangeweza kufunga mdomo.

"Niliongea makusudi," mama akasema.

Hakuinua sauti. Alimwambia baba, si mimi. "Nimechoka kutazama chini kwa niaba yako. Nikienda choo nasikia pikipiki, narudi nakimbia. Nikilala naota uko kwa barabara. Nikaona ule mlango umetoka vizuri hivyo, nikajua na mimi nitatoka. Nikaogopa."

Baba alikuwa bado ameshika kioo. Maji yalikuwa yanamtiririka ndani ya mkono wa shati.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Si nilikuwa hapo? Nilikuwa nakusikia."

Hapo ndipo nilipokumbuka mtu aliyekuwa nyuma ya kamera ile. Huyu ndiye aliyemfokea chifu kwa kukohoa. Huyu alimsimamisha bibi harusi juani mpaka akazirai, kwa sababu bwana harusi hakuacha kucheka. Studio nzima ilimjua kwa neno moja, nyamaza, na mimi mwenyewe nilikuwa na picha za utotoni ambazo uso wangu umevimba kwa hofu ya neno hilo. Alikuwa na sekunde sitini za kulisema, naye akahesabu.

"Si ungeniambia ninyamaze," mama akasema.

"Miaka arobaini nimekuwa nikikuambia unyamaze, unaharibu filamu," baba akasema. "Leo nikaona, acha amalize."

Akampa kioo akishike, kwa uangalifu, kwenye kingo, kama alivyotufundisha sote kushika vitu vya studio. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatafuta ufunguo. Ulikuwa umenasa kwenye leso, akachelewa kuutoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsaidia.